Oili Ilimwagwa Jumapili

Kwenye kona ya chini ya njia ya mlimani ya Kledung, kisiwani Java, pale malori yanapopumzisha breki kabla ya kuteremkia Semarang, kuna benchi ambalo halijawahi kukubaliana juu ya jambo lolote. Ni ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya matairi mawili mabovu, mbele ya kibanda cha Mama Yatmi, na wa upande mmoja akiinuka ghafla, wa upande wa pili anaanguka. Kahawa ya hapo haichujwi. Mama Yatmi anatia vijiko viwili vya unga kwenye glasi, anamimina maji yanayochemka, na wewe unangoja machicha yatulie kama una akili. Ukimaliza, anaichukua glasi na kuyarusha machicha pale malori yanapoegesha, fuu, bila hata kutazama, eti yanazuia vumbi. Amefanya hivyo miaka kumi na tisa, na ardhi ya pale imekuwa nyeusi tii. Asubuhi nzima hiyo ndiyo kazi: wao wanabishana, yeye anarusha.

Jumanne hiyo Wagino hakutaka kahawa wala benchi. Alitaka ufunguo. Lori lilikuwa limeshapakiwa kabichi tangu alfajiri, turubai limefungwa, kamba zimekazwa, na mnunuzi wa Semarang alikuwa amepiga simu mara mbili. Lakini ufunguo ulikuwa ndani ya ngumi ya Mama Endah, mwenye lori, na Mama Endah alikuwa ameketi katikati ya benchi amenuna. Mkono wake wa pili ulishika karatasi laini nyeupe yenye doa jeusi.

Lori hilo liliachwa na marehemu mumewe, Supardi. Lina kichwa cha njano na bodi ya mbao, na kwenye mlango wa nyuma Supardi aliandikisha kwa rangi nyekundu: ENDAH, NAKUJA. Wagino alikuwa amepokezana naye usukani miaka mitano, na tangu Supardi azikwe akaliendesha peke yake miaka sita. Katika miaka yote kumi na moja hakuna mtu aliyewahi kumuuliza swali moja mara mbili. Asubuhi hiyo aliulizwa swali moja mara nne.

– Wagino, oili ulimwaga lini?

– Jumapili, mama.

– Jumapili ipi?

– Hii hii iliyopita. Juzi! Nilimwaga yote, nikatia mpya, na filta nikabadilisha.

Kumwaga oili, kwa lugha ya madereva, ni kutoa ya zamani na kutia mpya. Hata asiyejua kuendesha baiskeli anaielewa lugha hiyo, na Mama Endah aliielewa vizuri sana.

– Juzi, – alisema, akainua ile karatasi juu benchi zima liione. – Haya. Na hii ni nini?

Aliyeitia doa karatasi hiyo alikuwa Danang, mtoto wa kaka yake, aliyekuja kutoka Semarang jana jioni na kigari chake cheupe. Danang anauza simu. Ana miaka thelathini, leseni ya lori aliyoipata mwaka huu, na miwani ya jua ambayo ilikuwa kichwani hata kabla jua halijatoka nyuma ya mlima Sumbing. Alichomoa kijiti cha oili asubuhi hiyo bila kuombwa na mtu.

– Shangazi, mimi sisemi mtu ni mwongo, – alisema Danang. – Mimi nasema rangi. Gari langu lina miezi mitatu sijamwaga oili, na ukichomoa kijiti unaona asali. Asali kabisa! Unaweza kupaka mkate.

– Gari lako ni la petroli! – Wagino alipaza sauti mpaka kuku wa Mama Yatmi wakakimbia. – Na linabeba nini? Linabeba wewe na manukato yako. Hili ni dizeli, bwana mdogo. Dizeli inatoa masizi. Oili inayazoa yale masizi isiyaache yagande kwenye injini. Unatia mpya inang'aa, unawasha, hujafika hata Parakan imeshakuwa nyeusi. Ikiwa nyeusi maana yake inafanya kazi yake!

– Hayo umeyasoma wapi?

– Sijayasoma popote. Nimeyafua kwenye mashati yangu miaka thelathini.

– Umesikia, shangazi? Hajayasoma popote.

Mama Endah hakucheka. Alikuwa amesema nyumbani, mbele ya wote wawili, na alisema kwa sauti ya chini ambayo Wagino aliiogopa kuliko kelele: kama umenidanganya kwenye oili, lori anaondoka nalo Danang leo hii, na wewe usirudi. Hilo ndilo lililomchoma Wagino. Angeweza kuambiwa amezeeka, au anaendesha taratibu mno, angevumilia. Lakini kuitwa mwongo kwa sababu ya kitu ambacho kila dereva wa dizeli kati ya hapa na pwani anakijua! Alitamani kung'ata kitu.

– Wagino anasema kweli, – ilisema sauti kutoka mwisho wa benchi.

Alikuwa Masharubu. Jina lake la kweli ni Sarmidi, lakini hakuna anayelikumbuka, maana masharubu yenyewe yanaingia kwenye glasi kabla ya mdomo. Zamani alikuwa dereva wa basi. Wagino alimgeukia kwa shukrani, na shukrani hiyo ilidumu kwa muda wa pumzi moja.

– Oili nyeusi ndiyo oili, – aliendelea Masharubu. – Mimi basi langu sikumwaga oili miaka minne.

– Miaka minne? – aliuliza Mama Endah.

– Minne na nusu. Ikipungua unaongeza tu. Oili mpya haijui kitu, mama. Ni mgeni. Ile nyeusi imeshaizunguka injini, inajua kila chumba. Ukiimwaga umefukuza mwenyeji.

– Na basi lenyewe liko wapi sasa? – aliuliza Danang.

Masharubu akapangusa masharubu yake kwanza la kulia, kisha la kushoto.

– Liliungua. Lakini ile ilikuwa ni habari ya nyaya.

– Shangazi, – alisema Danang, – watetezi wake ndio hao.

– Wewe Masharubu, – Wagino alisema, – nakuomba unitetee kwa kunyamaza. Kalenda! Kalenda, we ulikuwepo Jumapili. Waambie.

Kalenda ni Tukiman, mfupi, kofia nyeusi, mtu anayeweza kukuambia siku yoyote ya miaka hamsini iliyopita iliangukia siku gani kati ya zile tano za soko za Java, kama Wage na Kliwon. Ukimwambia umeoa, anakuuliza tarehe, halafu anakupa pole. Alishusha tempe yake, kipande cha soya cha kukaanga, kwenye sahani, akang'ata kipilipili, akatafuna bila haraka huku roho ya Wagino ikiwa juu juu.

– Jumapili nilikuwepo, – alisema mwishowe.

– Haya! – Wagino akapiga kofi. – Mama, shahidi huyu hapa. Sema, uliniona namwaga oili?

– Niliona miguu yako.

– Nini?

– Ulikuwa chali chini ya lori, miguu nje. Kama ulikuwa unamwaga oili au umelala zako, hilo siwezi kula kiapo. Mimi nilikuja kukukumbusha kuwa siku ile ni Jumapili Wage, na wewe umezaliwa Jumapili Wage, ndiyo maana mama yako akakuita Wagino. Nikakuambia, siku yako mwenyewe usiguse chuma, acha bolti hiyo mpaka kesho. Ukanitukana.

– Si ulinisimamia nusu saa unanipigia kelele masikioni!

– Sasa tazama, – Kalenda aliwageukia wengine, kwa sauti ya daktari. – Hii rangi si masizi, na wala si uchakavu. Oili iliyotiwa na mtu siku yake ya kuzaliwa inachukua tabia ya mtu. Wagino ana hasira. Oili imekasirika. Ndiyo hiyo nyeusi mnayoiona.

Wagino alikaa kwenye tairi lake la akiba lililoegemezwa kibandani, akafunika uso kwa mikono. Kumbe bora asingemuita shahidi.

– Kwa hiyo unakubali ilimwagwa? – Mama Endah alimkazia macho Kalenda.

– Nakubali imekasirika.

– Nyinyi wote hamjui kitu, – Mama Yatmi alidakia kutoka kwenye jiko, akachukua glasi ya Masharubu, akarusha machicha, fuu. – Oili inakaangwa kama kahawa. Ya Danang imekaangwa kidogo, ndiyo maana ya dhahabu. Ya malori inakaangwa mpaka mwisho kwa sababu malori yanataka nguvu. Tatizo lenu mnanunua tu bila kuuliza imekaangwa vipi.

– Oili haikaangwi, mama! – Wagino na Danang walisema kwa pamoja. Ikawa mara ya kwanza na ya mwisho asubuhi hiyo kukubaliana.

– Basi lete hicho kijiti, – alisema Masharubu. – Kuna njia ya zamani. Mimi naijua kwa ulimi.

Kabla mtu hajamzuia alikuwa amekwenda kwenye lori, amechomoa kijiti, ameupitisha ulimi kwenye ncha yake. Mama Endah akageuza uso. Masharubu alifumba macho, akaonja, akameza mate, na benchi zima likangoja kama linalosubiri kuandama kwa mwezi.

– Ina siku arobaini, – alisema.

– Masharubu! – Wagino aliruka. – Wewe uko upande gani?

– Upande wa ukweli. Arobaini, labda arobaini na mbili. Ina uchachu.

– Shangazi, umesikia. Arobaini.

– Arobaini ni ulimi wako na hizo karafuu za sigara zako! – Wagino alimfokea Masharubu. – Unavuta pakiti mbili kwa siku, utaonja nini wewe? Hata sumu huwezi kuijua!

Kijiti kikaanza safari. Danang alikichukua, akakichovya tena, akadondosha kwenye karatasi ya pili ili shangazi aone doa jipya. Kalenda akaomba karatasi hiyo, akaizungusha, akasema doa lina umbo la mlima Sindoro na moshi unatoka, jambo ambalo si la heri kwa mwenye safari ya mashariki. Akaambiwa Semarang iko kaskazini. Akasema ndiyo maana. Mama Yatmi akataka kunusa. Kila aliyekishika alikipangusa kwenye chochote kilichokuwa karibu: suruali, gazeti, kitambaa cha kupangusia meza. Wagino mwenyewe alikwenda kuchomoa jani jeupe kabisa la kabichi kwenye mzigo, akakibandika kijiti juu yake, akalipeleka mbele ya macho ya Mama Endah.

– Tazama mama. Tazama vizuri pembeni ya doa. Ni nyeusi lakini laini, haina chenga. Hiyo ni nyeusi ya juzi. Nyeusi ya zamani ina chenga!

– Nyeusi ni nyeusi, Wagino, – alisema Mama Endah, na sasa sauti yake ilikuwa imechoka. – Supardi alikuwa haniambii habari za oili. Alikuwa anaondoka na anarudi. Mimi sijui chenga wala laini. Mimi najua mtu aliniambia kitu kimebadilishwa, halafu nikaonyeshwa kitu kimekuwa cheusi. Na wenye kujua, – akawatazama wa benchi mmoja mmoja, – nimewasikiliza saa nzima, na kila mmoja ana lake.

Simu yake ikalia. Ni yule mnunuzi tena. Alimsikiliza, akasema ndiyo, tunaondoka sasa hivi, akaikata. Kisha akafungua ngumi. Ufunguo ulikuwa umemwachia alama kiganjani.

– Danang, – aliita.

Wagino aliona ule mkono ukinyooka kuelekea upande usiokuwa wake, na ilimuuma, iliuma kweli, akasahau hata kukasirika. Alikumbuka alivyobeba jeneza la Supardi kwa upande wa mbele. Akafikiria atamwambia nini mkewe, kwamba ameachishwa kazi na rangi?

Ndipo Bibi Jinah akafika. Huyo ni mwanamke mdogo wa mwili, mzee, anayepita kwa miguu na kapu la chupa mgongoni, akiuza vinywaji vya manjano, tangawizi na ukwaju. Benchi hilo hulifikia mara moja kila siku tano. Alitua kapu lake, akashusha pumzi, akaona nyuso zilivyo.

– Kuna msiba hapa?

– Kuna oili, bibi, – alisema Mama Yatmi.

– Aa. – Akaanza kumimina manjano kwenye kiglasi, jicho lake kwenye mstari wa glasi, akasimamisha mkono palepale panapostahili, bila tone la ziada. Kisha akaona kile kijiti, ambacho Danang alikuwa ameshakichukua kwa Wagino na kukipangusa. – Hicho kijiti ni cha nini, mjukuu wangu?

– Cha kupimia oili ya injini, bibi, – Danang alijibu kwa adabu.

– Kinapima rangi?

– Hapana bibi. Kinapima kiasi. Unaona hapa chini kuna alama mbili? Hii ya juu ni imejaa. Hii ya chini ni imepungua, uongeze.

– Ee, kama mimi na glasi zangu. – Bibi Jinah alitikisa kichwa akafurahi kuelewa. – Sasa imefika wapi?

Danang aliinua mkono aonyeshe. Akakitazama kijiti. Kilikuwa safi, kimepanguswa, kinang'aa.

– Imefika... Masharubu, wewe ulipokichomoa imefika wapi?

– Mimi nilionja.

– Kalenda?

– Mimi nilisoma umbo.

– Mama Yatmi?

– Mimi nilinusa tu.

Wote wakamgeukia Wagino. Wagino alikuwa tayari amepanua kinywa amcheke Danang, mtaalamu wa asali asiyejua kupima oili, na kicheko kikamkauka humo humo. Miaka kumi na moja hajawahi kuigusa swichi ya lori lile asubuhi kabla ya kutazama alama mbili zile. Hata siku ya maziko alitazama. Leo alikishika kijiti kwa mikono yake mwenyewe, akakibandika kwenye kabichi, na alichotazama ni rangi.

– Lete, – alisema.

Alikipangusa kwenye shati, akakizamisha mpaka mwisho, akahesabu tatu, akakivuta polepole. Alama ya juu ilikuwa kavu. Alama ya chini ilikuwa kavu. Kwenye ncha kabisa, chini ya kila alama, palikuwa na unyevu mdogo mweusi usiozidi punje ya mchele.

Wote wakainama kukitazama. Hata Kalenda.

– Na ile huko chini ni nini? – Bibi Jinah aliuliza, akinyoosha kidole chini ya tumbo la lori.

– Machicha yangu ya kahawa, – alisema Mama Yatmi. – Ndiyo yako hapo miaka yote.

– Machicha yanameremeta hivyo?

Wagino alikuwa ameshalala chali. Akajisukuma chini ya lori kwa visigino, na akalisikia kabla ya kuliona: to, kimya, to. Bolti ya kumwagia oili ilikuwa imelowa. Kila tone lilining'inia, likanenepa, likaangukia kwenye dimbwi lililojificha juu ya weusi wa kahawa ya watu wote hawa. Aliishika bolti kwa vidole. Ilikuwa imekazwa, lakini pembeni yake palikuwa pamelowa mzunguko mzima, kama pale pete ya shaba, ile mafundi wanayoiita washa, inapokuwa imechoka na haibani tena. Washa ya zamani. Mkono wake ukaenda wenyewe kwenye mfuko wa shati, shati lile lile la kazi la Jumapili. Nyuma ya sigara za karafuu akagusa kifuko cha plastiki. Ndani yake kulikuwa na washa mpya ya shaba, inang'aa, haijaguswa.

Akakumbuka yote. Bolti mkononi, washa mfukoni, na miguu ya Kalenda pembeni ya kichwa chake, na ile sauti isiyokwisha, Jumapili Wage, siku yako mwenyewe, acha mpaka kesho. Alikuwa ameirudisha bolti na washa yake ile ile kuukuu ili tu atoke chini amtukane vizuri.

– Vipi huko? – sauti ya Kalenda ilimfikia. – Unaona? Si nilisema siku mbaya?

– Kalenda, – Wagino alisema kutoka chini, taratibu kabisa. – Nikitoka huku, kimbia.

Alitoka, mgongo umejaa kahawa na oili, akasimama mbele ya Mama Endah. Angeweza kuikunja ile pete kiganjani na kusema bolti imelegea yenyewe, njia mbaya, lori limezeeka. Danang asingejua. Lakini saa nzima alikuwa amepiga kelele kwamba yeye si mwongo, na sasa ndio wakati wenyewe. Akafungua kiganja.

– Mama, oili nilimwaga. Haki ya Mungu nilimwaga. Hii washa nilinunua niiweke pamoja nayo, nikaisahau. Inavuja tangu Jumapili. Na leo asubuhi sikupima. Kama ningeondoka saa ile niliyotaka, mteremko wa Parakan nisingeumaliza, injini ingenoki, ingeganda kabisa. Rangi haina kosa. Kosa ni langu.

Mama Endah aliitazama pete. Akainama akatazama dimbwi, kisha akanyooka. Ufunguo bado ulikuwa mkononi mwake, katikati ya njia, maana Danang alikuwa hajaupokea.

– Kumbe ni kweli, – alisema.

– Nini, mama?

– Umeimwaga Jumapili. Jana ukaenda Semarang na kurudi, njia nzima unaimwaga. Na leo umekaa hapa unaniapia umeimwaga, huku bado unaimwaga. Wagino, Java nzima hakuna dereva anayemwaga oili kama wewe.

Aliyeanza kucheka ni Bibi Jinah. Kisha Mama Yatmi. Kalenda akainuka ghafla ashike mbavu zake, na Masharubu, aliyekuwa mwisho wa pili wa benchi, akaanguka na glasi yake. Mama Endah alikuwa anacheka huku anafuta macho kwa ncha ya mtandio, na Wagino hakujua acheke au aombe radhi tena, akasimama tu na pete yake.

– Kaiweke basi, – alisema Mama Endah. – Unangoja siku ya Kliwon?

Mama Yatmi alitoa karai lake safi huku analalamika kuwa hatalitumia tena. Wakaikinga oili iliyobaki, Wagino akaweka washa mpya, akakaza bolti, wakairudisha. Nyuma ya kiti cha dereva kulikuwa na dumu la oili iliyosalia Jumapili, na hilo Mama Endah alitaka kulimimina mwenyewe. Ilitoka ya dhahabu, ikashuka nzito na nzuri kwenye kinywa cha injini.

– Umeona shangazi! – Danang hakujizuia. – Hiyo ndiyo rangi! Hiyo ndiyo oili!

– Washa injini, – Mama Endah alimwambia Wagino, akamtupia ufunguo.

Aliudaka. Injini ilikohoa, ikanguruma dakika tano, ikazimwa. Wakangoja oili ishuke, Bibi Jinah akauza vinywaji vitatu katika kungoja huko. Kisha Mama Endah akachomoa kijiti, akakipangusa, akakizamisha, akakivuta, akakisogeza karibu na macho yake.

– Imefika wapi? – aliuliza Bibi Jinah.

– Katikati ya alama mbili.

– Basi, – alisema Bibi Jinah, akabeba kapu lake, akaondoka.

Danang alikuwa ameinamia kijiti, amevua miwani.

– Lakini shangazi... mbona imekuwa nyeusi tena?

Masharubu aligonga glasi yake kwenye ubao akitaka nyingine, kwani jambo lenyewe, alisema, ndiyo kwanza linanoga. Mama Yatmi akaukung'uta mkebe wa kahawa. Ulikuwa mtupu. Mmetumalizia kahawa kwa oili, alisema.

Wagino alimnyooshea Mama Endah ufunguo. Hakuambiwa bado kama ni wake.

– Wa nini? – aliuliza Mama Endah. – Utaendeshea kidole? Twende. Danang, wewe rudi na kigari chako, ukifika nipigie. Mimi naondoka na huyu.

Akapanda upande wa abiria, ambako hakuwahi kukaa tangu Supardi afe, akaweka mkoba mapajani, na kijiti cha oili hakukirudisha mahali pake mpaka Wagino alipomwomba mara mbili. Waliiacha kona. Kwenye kioo cha pembeni Wagino alimwona Mama Yatmi akiwa na glasi ya mwisho mkononi, ameinua mkono arushe machicha, akasita, akainama akatazama chini kwanza.

Walishuka kama nusu kilomita, kabichi zikilia taratibu nyuma yao.

– Wagino.

– Naam, mama.

– Oili ulimwaga lini?

Ilikuwa mara ya tano. Wagino aliushika usukani kwa mikono miwili.

– Leo asubuhi, mama. Shahidi ni wewe mwenyewe.

Mama Endah akanyoosha kidole mbele.

– Haya, – alisema. – Simama hapo mbele nipime.